Samaki wa Tangini Naye Ahitaji Nyumba Yake

Mtu anunuaye tangi la kioo na kutia samaki ndani yake huwa na haja moja kubwa: awaone. Amegharimia tangi, amegharimia pampu ya hewa, chujio na taa, akaliweka sebuleni mahali ambapo mgeni akiketi tu litamkabili. Kisha samaki wanajificha. Siku ya kwanza wamejibanza nyuma ya jiwe pekee lililomo. Siku ya pili hali ni ile ile. Siku ya tatu mwenye nyumba, akiwa amechoka kuwaonyesha wageni wake maji matupu, anatia mkono na kuliondoa jiwe. Sasa samaki waonekana, kwa kuwa hawana pa kwenda. Waonekana wamepauka rangi, wamejikunyata pembeni karibu na uso wa maji, mapezi yamechanika, na baada ya majuma mawili hivi mmoja anaokotwa asubuhi akiwa amekufa. Mwenye nyumba husema kwamba aliuziwa samaki wagonjwa.

Juma hili, katika ukurasa wetu huu wa mambo ya nyumbani, twapenda kuzungumza juu ya jambo hilo moja, yaani namna ya kuwajengea samaki mapango na maficho kwa vitu vilivyomo nyumbani au vipatikanavyo sokoni. Kazi yenyewe haina gharama kubwa, wala haimtaki fundi. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya akiwa na mtu mzima karibu. Lakini ina masharti yake, na mimi niandikaye haya niliwahi kulipuuza mojawapo nikaadhibiwa, kama nitakavyoeleza.

Jambo la kwanza ni lile ambalo wengi hulikataa wanapoambiwa: kadiri maficho yanavyozidi ndani ya tangi, ndivyo samaki wanavyozidi kuonekana. Mtazame mtoto mdogo aliyepelekwa kwenye nyumba ya watu. Akiwa na kitenge cha mama yake karibu, hucheza, huenda hata mlangoni, hurudi kukigusa kitenge, kisha huenda tena. Mama akitoka tu, mtoto hukaa palepale alipo, kimya, macho yamemtoka. Samaki naye yu vivyo hivyo. Ajuaye kwamba pango lake li umbali wa kiganja kimoja hutoka, huchakura mchanga, huwatisha majirani zake na kuionyesha rangi yake yote. Asiye na pango hutumia siku nzima kuogopa, na hofu ya siku nyingi humdhoofisha mnyama yeyote, akawa wepesi wa kupatwa na maradhi.

Tena si mwanadamu pekee anayeogopwa. Samaki wengi wapendwao na wafugaji ni wa jamaa ya sato, ambayo wataalamu huiita sikilidi, na jamaa hiyo ina tabia ya kumiliki ardhi. Dume mwenye nguvu hujikatia sehemu yake na kumfukuza kila aingiaye. Katika ziwa, anayefukuzwa huogelea mita chache na mambo huisha. Katika tangi lenye urefu wa sentimita 80 hakuna mita chache za kukimbilia. Kuna kioo, na nyuma ya kioo kuna ukuta wa sebule. Aliyeshindwa asipopata ufa wa kuingia hupigwa mpaka afe.

Sisi tukaao Bujumbura hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta kielelezo. Ziwa Tanganyika, ambalo Burundi inashirikiana na Kongo, Tanzania na Zambia, lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufikia takriban mita 1,470. Ndani yake mna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa hiyo ya sikilidi, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alianzisha hapa Bujumbura kazi ya kuwavua wakiwa hai na kuwasafirisha kwa ndege hadi nchi za ng'ambo, na mwaka 1978 alitoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa ziwa hili. Ndiyo maana samaki wa Magara na Nyanza-Lac wana vizazi vyao katika vyumba vya watu Ujerumani, Japani na Marekani. Ajabu ni kwamba huko ng'ambo mfugaji aweza kuwataja kwa majina na tabia, hali sisi tuliozaliwa ukingoni mwa maji hayo twawafahamu zaidi ndagala na mukeke, na hao wenyewe twawafahamu wakiwa sahanini.

Ukiishika barabara ya Rumonge kutoka mjini, fukwe za mchanga na tope hupungua, na maeneo ya Magara miamba huingia moja kwa moja ziwani. Katika nyufa za miamba ya namna hiyo anakaa samaki mdogo mwenye mkia uliogawanyika kama mwezi mchanga, ambaye jina lake la kitaalamu, Neolamprologus brichardi, lilitolewa mwaka 1974 kwa heshima ya Brichard huyo. Wafugaji wa Ulaya wamemwita binti mfalme wa Burundi. Samaki huyu na nduguye wa karibu wana desturi ambayo ni nadra miongoni mwa samaki: watoto wakikua hawaondoki. Hubaki kwa wazazi wao, hulinda mayai ya wadogo zao, huyasafisha kwa midomo, na huondoa mchanga unaojaa pangoni. Mtaalamu Michael Taborsky, aliyeanza kuandika habari zao mapema katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba kijana akaaye nyumbani kwa namna hiyo hupata ulinzi dhidi ya samaki wakubwa, na kazi aifanyayo ni kama kodi ya kukaa pale. Ukiondoa pango, hakuna cha kulipia kodi, na ukoo mzima hutawanyika ukaliwa.

Wako wengine wasiotaka mwamba bali magamba ya konokono. Konokono mmoja wa ziwani, Neothauma, akifa huacha gamba gumu lenye ukubwa wa limau, na magamba hayo hukusanyika kwenye sakafu ya mchanga. Humo huishi Neolamprologus multifasciatus, mmojawapo wa samaki wadogo kabisa wa jamaa yake, kwani dume hufikia sentimita 4 au 5 tu na jike ni mdogo zaidi. Kila mmoja ana gamba lake. Hulala humo, hutaga humo, na akiona kivuli huzama humo kwa kufumba na kufumbua. Katika aina nyingine, Lamprologus callipterus, dume huyabeba magamba kwa mdomo na kuyalundika mahali pamoja ili majike waje kukaa. Yeye mwenyewe hawezi kuingia hata katika moja, maana uzito wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa jike. Huyo hujenga nyumba asiyoweza kulala!

Haya yote nimeyaeleza kwa sababu anayetaka kujenga sharti kwanza ajue anamjengea nani. Mwenye kukaa ufani apewe ufa, mwenye kukaa gambani apewe gamba. Sasa twende kwenye kazi.

Kitu chepesi kuliko vyote ni chungu. Wafinyanzi wetu, ambao wengi wao hapa Burundi ni Watwa, hufinyanga vyungu vidogo ambavyo sokoni hupatikana kwa bei ndogo kuliko pambo lolote la plastiki litokalo ng'ambo, na mbele ya samaki ni bora maradufu. Nunua kipya. Kilichokwisha kupikiwa kimenyonya mafuta na chumvi, navyo havitoki kwa kuosha. Kisiwe kimepakwa rangi wala kung'arishwa. Kitie ndoo ya maji kikeshe humo. Asubuhi, maji yakiwa na tope na chungu kinamomonyoka ukikisugua kwa kidole gumba, hakikuiva vema tanuruni, nacho kitayeyukia tangini. Kilichoiva hulia kama kengele ukikigonga.

Kwa kuwa kimekwisha kulowa maji, kitakatika bila kupasuka ovyo. Chukua msumeno wa chuma, ukate mdomoni mikato miwili yenye kina cha sentimita 3, iliyoachana kwa upana wa mwili wa samaki wako na nafasi kidogo. Kisha kimege kipande kilicho katikati kwa koleo. Paka makali yote kwa tupa au jiwe la kunolea, kwani samaki akiogopa huingia kwa kasi, na ukingo wenye makali humchuna. Kipindue chungu, mdomo ukae chini, na mlango uko tayari. Usiulainishe ukuta wa ndani. Samaki wengi wa mapangoni hutaga kwenye dari, vichwa chini matumbo juu, na mayai hushika vizuri palipo na ukwaruzo. Kwa wale wasiotaka chumba bali kibanda, kipasue chungu katikati kwa msumeno, utapata vibanda viwili.

Vyungu vya maua huwa na tundu kitakoni. Tundu hilo dogo limewaua samaki wengi kuliko mtu awezavyo kudhani: samaki huingiza kichwa, mapezi yanamzuia kurudi, naye hufia hapo. Basi ama ulipanue mpaka apite bila shida, ama uliziba kwa kigae na gundi. Kanuni hiyo ni ya kila kitu utakachotia tangini: tundu ama lipitishe mwili wote, ama lisipitishe hata pua.

Mawe ndiyo yanayopendeza zaidi, na ndiyo yenye hatari zaidi. Yachague yaliyo magumu, yasiyomeguka, yasiyo na michirizi ya kutu wala chembe zing'aazo kama chuma. Lidondoshee kila jiwe matone machache ya siki. Likitoa povu lina chokaa ndani yake, na chokaa huyafanya maji kuwa magumu. Kwa samaki wa Tanganyika hilo si kosa, kwa kuwa maji ya ziwa letu yenyewe ni magumu, tena yana asili ya alkali. Bali kwa samaki watokao mito ya misitu, wapendao maji laini, jiwe litoalo povu libaki uani. Yasugue mawe kwa brashi na maji ya moto, pasipo sabuni ya aina yoyote. Wala usiyachemshe jikoni au kuyachoma kwa kudhani kwamba unaua vijidudu, maana jiwe lenye unyevu ndani huweza kupasuka na kumjeruhi mtu machoni.

Hapa ndipo mahali pa kutimiza ahadi yangu ya kueleza kosa langu. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 100 na ushei, na ndani yake niliwatia hao mabinti wafalme wanne. Nilimwaga kwanza mchanga, kina cha vidole vinne, nikausawazisha vizuri kwa bao la mkono. Kisha juu ya mchanga nikapanga mawe, makubwa chini, madogo juu, ghorofa tatu. Lilipendeza kweli. Samaki walikaa, wawili wakaoana, na jike akaanza kuchimba. Kila siku nilimwona akitoka chini ya jiwe na mchanga mdomoni, akiutema mbele ya mlango, akirudi. Niliwaita watoto waje watazame mama anavyofanya usafi. Sikufikiri hata mara moja kwamba mchanga anaoutoa ndio ulioyashikilia mawe.

Usiku wa juma la tatu tulisikia kishindo, si kikubwa, kama cha sahani iliyowekwa mezani kwa hasira. Nilipowasha taa, ghorofa zangu tatu zilikuwa zimelala chini. Jiwe la juu lilikuwa limeegemea kioo cha mbele, na kutoka pembe ya chini ulipanda ufa mwembamba unaotoa maji. Mke wangu akaleta ndoo, watoto wakaleta sufuria, nasi tulihamisha samaki kwa kikombe cha chai huku maji yakitufika nyayoni. Jike tulimkuta alfajiri, tangi lilipokwisha kukauka. Alikuwa bado ndani ya pango lake, chini ya jiwe la kwanza, na mayai yake darini yalikuwa mazima. Binti yangu mdogo aliuliza kwa nini hakutoka aliposikia linateremka. Sikuwa na la kumjibu, maana jibu nililokuwa nalo ni kwamba pango lile nililijenga mimi.

Basi sharti lenyewe ni hili. Jiwe likae juu ya sakafu ya tangi, kamwe lisikae juu ya mchanga. Tandika kwanza kipande cha plastiki nene au sponji nyembamba ili kioo kisikwaruzwe wala kubeba uzito mahali pamoja. Panga mawe yako hapo, ukilijaribu kila moja kwa kulitikisa. Mchanga mwage mwisho, uyazunguke. Samaki atachimba apendavyo, hatafika popote. Mahali ambapo mawe mawili hayaketi vizuri yaunganishe kwa gundi ya silikoni, ile iliyo tupu, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Iache ikauke kwa siku mbili nje ya maji mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Na usizidishe. Kilo 10 za mawe ya kawaida hula nafasi ya lita 4 za maji, hivyo anayejaza mawe anawapunguzia samaki wake maji ya kuvuta pumzi kwa ajili ya kuwaongezea kuta. Kwa sababu hiyo mimi siku hizi hutumia mawe machache tu, mengine nimeyabadili kwa vyungu vilivyo wazi ndani.

Kwa wakaaji wa magamba, desturi ya wengi ni kwenda ufukoni na kuokota. Napenda kuwasihi wasomaji wasifanye hivyo. Magamba yaliyotandaa kwenye sakafu ya ziwa yamekusanyika kwa mamia ya miaka, na kila moja ambalo konokono ameliacha lina mpangaji au linamngojea. Uchukuapo ndoo moja kupamba sebule, umebomoa mtaa. Badala yake tumia gamba la konokono wa bustanini, ambaye msimu wa mvua hatukosi kumwona akiila migomba na mboga zetu. Chagua magamba matupu yenye mdomo unaopitisha kidole chako kidogo au kidole cha shahada, yachemshe robo saa, yatikise mpaka kila kilichomo kitoke, uyachemshe tena, kisha uyaanike juani siku kadhaa. Yakiwa hayanuki tena yako tayari. Wape matatu kwa kila samaki, yakae juu ya mchanga laini wenye kina cha vidole vitatu, kwani wenyewe watayazika na kuyageuza watakavyo. Ukiyaweka wima wao huyalaza, ukiyalaza huyasimamisha; usishindane nao.

Kipande cha bomba la plastiki la maji ya kunywa nacho ni pango jema, ingawa si zuri kutazamwa. Fundi bomba hakosi mabaki, nawe wataka urefu wa sentimita 10 au 15 tu. Lainisha ncha kwa msasa, lizike nusu mchangani, na ukitaka, lipake silikoni nje na kulivingirisha katika mchanga mkavu. Litafanana na gogo la kale. Ngogo hulipenda mno bomba la namna hiyo, hasa akipata la giza lenye njia mbili. Kuna ngogo mmoja wa ziwa letu mwenye madoa meusi, Synodontis multipunctatus, mwenye hila isiyo kifani: hutaga mayai yake katikati ya samaki wanaoatamia mdomoni, nao huyaokota pamoja na yao, wakalea kinywani watoto ambao huwala watoto wao wa haki. Mfugaji anayemweka awe na habari.

Kuhusu kifuu cha nazi, ambacho hapa kwetu huletwa kutoka pwani ya mashariki au hupatikana kwa wenye minazi ya ziwani, nitasema kwa ufupi. Ni pango zuri sana la kipande kimoja, lakini hutoa rangi ya kahawia kama ya chai na huyalainisha maji. Kwa samaki wa mito ya Afrika Magharibi wenye tumbo jekundu, wale wa aina ya Pelvicachromis, hakuna kitu bora kuliko kifuu kilichochemshwa mara tatu au nne. Kwa wa Tanganyika hakifai.

Kamwe usitie tangini kitu chochote cha shaba nyekundu, cha bati au cha risasi, kikombe kilichopakwa rangi, mfinyango wa kuunganishwa kwa saruji mbichi, wala chupa iliyovunjika hata kama umeipaka tupa.

Mapango yakiwa tayari, kuyapanga nako kuna busara yake. Yazidi idadi ya samaki: wakiwa sita, yawe manane au tisa, kwa sababu dume mkubwa hatatosheka na moja. Milango isitazamane, maana majirani wenye kuonana kutwa hugombana kutwa. Chungu kimoja kielekee kushoto, cha pili kielekee nyuma, na jiwe pana lisimame kati yao kama ua wa matete. Mapango ya wanyonge yawe na milango miwili, ili anayefukuzwa aingie huku na kutokea kule. Pango la kutagia liwe na mlango mmoja, tena mwembamba, kusudi mama aweze kuulinda peke yake. Mbele ya mapango acha uwanja mtupu wa mchanga, na hapo ndipo utakapowaona samaki wako.

Ukisha kupanga, usipangue kila mara kwa kutafuta urembo. Ipo siku moja tu ambayo kupangua kunafaa, nayo ni siku ya kumleta samaki mgeni. Wenyeji wamekwisha kugawana mji wote, na mgeni atauawa kabla hajapata pa kusimama. Zima taa, hamisha vyungu na mawe yote mahali papya, kisha mtie mgeni gizani. Kulipopambazuka kila mmoja ni mgeni, nao huanza kugawana upya, huyu wa jana akiwa na fungu lake.

Yanayopita katika tangi moja hupita pia katika ziwa zima. Katika Ziwa Viktoria sangara alitiwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipoongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980, aina nyingi sana za samaki wadogo zilitoweka zisionekane tena. Miongoni mwa walionusurika wamo waliokuwa na pa kujificha: wale wa penye miamba, ambamo mkubwa yule hapiti kwa urahisi, na wale wa mabwawa ya mafunjo ambamo hewa ya majini ni haba mno kwa sangara. Na hapa kwetu hatari ni ya namna nyingine. Milima inayoinukia ziwani imelimwa mpaka kileleni, na mvua ikinyesha udongo huteremka na mito. Udongo huo hutua juu ya miamba na kuziba nyufa. Uchunguzi uliochapishwa tangu mwaka 1993 umeonyesha kwamba penye tope jingi aina za viumbe hupungua. Kwa samaki, ufa uliojaa tope ni nyumba iliyojaa udongo hadi dirishani, na hakuna ukoo, hata uwe na vijana wasaidizi wangapi, uwezao kuuchota kwa midomo udongo wa mlima mzima. Kwa hiyo mwenye tangi asiwarudishe ziwani wala mtoni samaki waliomchosha, akidhani anawaachia huru. Awape mfugaji mwingine. Ziwa lina wapangaji wa kutosha, na nyumba zinapungua.

Baada ya mapango kukaliwa, huenda siku moja ukamkosa jike. Atakosekana siku ya pili na ya tatu, na dume atakuwa amesimama mbele ya chungu, mapezi yametanuka, akikirukia kidole chako kupitia kioo. Usitie mkono kutafuta, wala usiinue chungu. Dondosha chakula kidogo sana karibu na mlango, jioni tu, na siku hizo usibadilishe maji mengi kwa mara moja. Kwa samaki wetu hawa wa mapangoni mayai huanguliwa baada ya siku 3 hivi, lakini vifaranga hubakia ndani wakila kiini walichozaliwa nacho. Siku ya nane au ya kumi, watu wakiwa wamelala, mulika tochi kwa mbali iliyofunikwa kitambaa. Mlangoni utaona vitu vidogo mfano wa nyuzi zilizokatwa, kila kimoja kina macho mawili meusi, vinaelea kwa pamoja umbali wa kucha moja kutoka kwenye kizingiti. Ukisogea hatua moja, vyote vitarudi ndani.